Maswali ya Wasomaji: Sikio Linalovuja na Mfupa Ulio Nyuma Yake

Barua za mwezi huu zimetoka Nyakach hadi Nakuru, na ingawa kila moja ina shida yake, zote zinarudi kwenye mfupa mmoja. Weka kidole nyuma ya sikio lako: kile kinundu kigumu unachokigusa ni mastoidi. Ukiufuata mfupa huo kwenda ndani, kuelekea katikati ya kichwa, unafika sehemu iitwayo petrasi, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwamba. Hakuna mfupa ulio mgumu kuushinda huo mwilini. Ndani ya mwamba huo mna kiungo cha kusikia, mifereji mitatu inayotuwezesha kusimama bila kupepesuka, neva inayochezesha uso, na mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ubongo. Paa lake ndilo sakafu ya ubongo. Kwa sababu hiyo hatukubaliani kabisa na wale wanaosema sikio linalotoa usaha ni jambo la utotoni, litaisha lenyewe.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa gredi ya tatu. Darasani nina watoto wanne wanaotoa usaha masikioni tangu muhula uliopita. Wazazi wamejaribu mafuta ya taa, maziwa ya mama, na mafuta ya kitunguu saumu. Duka la dawa huwapa tembe za amoksilini. Kwa nini tembe hazisaidii, na tufanye nini?
– Mwalimu, Nyakach

JIBU: Mwalimu, asante kwa kuwatazama watoto wako hadi masikioni. Usaha uliodumu zaidi ya wiki mbili, tena bila maumivu makali, kwa kawaida humaanisha kwamba kiwambo cha sikio kimetoboka na tundu halijaziba. Hapo tembe huwa dhaifu. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, na kinachofika kwenye utando uliovimba ni kidogo. Tone linalopita kwenye mfereji wa sikio hufika palepale penye vijidudu likiwa na nguvu mara nyingi zaidi.

Jambo hili limepimwa hapa hapa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, watoto 524 wa shule za msingi za Kiambu waligawanywa makundi. Waliokaushwa masikio peke yake, usaha ulikoma kwa 22% baada ya wiki 16, sawasawa na wale ambao hawakutibiwa. Waliokaushwa kisha wakapewa antibayotiki na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), ulikoma kwa 51%. Mwaka 2005 ukachapishwa mwingine wa watoto 427, waliopatikana baada ya kuchunguza karibu wanafunzi 40,000. Matone ya siprofloksasini, ambayo ni antibayotiki, yalikausha masikio ya 59% kwa wiki mbili. Matone ya asidi ya boriki ndani ya spiriti yalikausha 32%. Kwa hiyo kukausha bila dawa hakutoshi, na matone nayo si yote yaliyo sawa.

Kazi ni mbili zinazofuatana. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachofyonza, au karatasi laini isiyochanika ikilowa, uisokote iwe na ncha kama utambi wa koroboi. Njiti ya kiberiti na vijiti vya pamba viacheni. Vuta sikio la mtoto nyuma na juu kidogo ili mfereji unyooke, ingiza utambi taratibu bila kusukuma, uache kama dakika moja, utoe, utupe, weka mwingine. Rudia mpaka utambi utoke mkavu. Tone likitiwa juu ya usaha huelea tu na kumwagika nje, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea kisha kulaumu dawa.

Halafu tia matone ya siprofloksasini ya 0.3%. Kabla ya kutia, shika chupa kiganjani dakika mbili tatu ipate joto la mwili, kwa maana tone baridi huiamsha ile mifereji ya mizani na mtoto huona nyumba inazunguka. Alale ubavu kwa dakika tano. Bonyeza kile kijinyama kilicho mbele ya tundu la sikio mara nne au tano ili dawa isukumwe ndani. Fanya hivyo mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kamili, hata kama usaha umekoma siku ya tano.

Matone ya jentamisini na neomisini yaepukeni kwa sikio lililotoboka, maana yakivuka tundu yanaweza kuua seli za kusikia, na seli hizo hazioti tena. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Wakati wa kuoga, pamba iliyopakwa mafuta ya mgando izibe sikio, itolewe mara tu baada ya kuoga. Pamba iliyokaa mchana kutwa hulea unyevu. Kuogelea mtoni au ziwani kusubiri. Darasani, mketishe mtoto mbele, sikio zuri likuelekee wewe. Na ambaye hajakauka baada ya wiki mbili za kazi hii iliyofanywa sawasawa, au ambaye usaha wake unanuka, aandikiwe barua ya kwenda kliniki ya masikio, pua na koo.

SWALI: Mwanangu wa miaka 11 ametokwa na usaha sikio la kushoto tangu chekechea. Ukitibiwa unakauka, kisha unarudi, na sasa unanuka hata wenzake humkimbia. Daktari wa ENT (masikio, pua na koo) Kisumu ameangalia kwa mashine akasema ni kolesteatoma, lazima mfupa upasuliwe. Mtoto halalamiki maumivu. Kweli hakuna dawa? Na huko ndani watafanya nini hasa?
– Mama, Ahero

JIBU: Mama, pole kwa miaka hiyo yote ya kuhangaika na chupa za matone. Tuanze na jina, kwa sababu linatisha bure upande mmoja na kupotosha upande mwingine. Lilitolewa mwaka 1838 na mtaalamu wa Ujerumani, Johannes Müller. Hiyo si saratani, wala haihusiani na mafuta ya mwilini. Ni ngozi, ngozi ya kawaida kabisa, ila imeingia mahali pasipo pake.

Kuna mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua hadi ndani ya sikio, kazi yake kupitisha hewa. Usipofanya kazi vizuri kwa miaka, kiwambo huvutwa ndani kikawa kama kimfuko. Ngozi ya kimfuko hicho hubambuka kila siku kama ngozi nyingine yoyote, lakini maganda yake hayana pa kutokea. Yanarundikana tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Bakteria wakiyafikia, harufu huanza. Na ukuta wa kimfuko, pamoja na uvimbe unaoandamana nao, huziamsha seli zinazomeng'enya mfupa. Kinakua polepole, kinakula polepole.

Hapo ndipo utaona kwa nini dawa haiponyi. Maganda yale yamekufa. Hayana damu ya kuyafikishia antibayotiki. Matone hupunguza vijidudu vya juu, usaha unakauka, harufu inapotea, nyumba nzima inafurahi, ilhali kimfuko kipo na kinaendelea. Kutolalamika maumivu nako kusikutulize, kwani ugonjwa huu mara nyingi hauumi mpaka uwe umefika mbali.

Cha kwanza kuliwa huwa vile vijifupa vitatu vinavyopitisha sauti: nyundo, fuawe na kikuku. Mguu mrefu wa fuawe ndio hutangulia, kwa kuwa ni mwembamba na damu yake ni haba. Kisha mfereji wa mizani ulio ubavuni, na mtoto huona kizunguzungu ukibonyeza sikio lake. Kisha ganda la neva ya uso. Kisha paa, na juu ya paa ni ubongo. Mkiwa bado mnasubiri tarehe ya upasuaji, akiumwa kichwa kikali na homa, shingo ikikakamaa, akisinzia isivyo kawaida, akitetemeka degedege, uso ukilegea upande mmoja, au nyuma ya sikio pakivimba hata sikio lisukumwe mbele, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali ya rufaa usiku huo huo.

Kabla ya upasuaji atapimwa usikivu wa masikio yote mawili na kupigwa skani ya CT yenye vipande vyembamba, chini ya milimita 1 kila kimoja. Skani ya kawaida ya kichwa yenye vipande vinene haitoshi; ukiambiwa irudiwe usidhani unaibiwa. Picha hiyo ni ramani ya daktari: inamwonyesha kama paa limetoboka, neva imepita wapi, na mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma umesogea mbele kiasi gani. Watu hatufanani ndani ya mfupa huu.

Siku yenyewe atalazwa usingizi. Kazi huchukua saa mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Ngozi hukatwa nyuma ya sikio, kama sentimita 1 kutoka kwenye mkunjo, na kovu hujificha humo. Kisha mfupa huchongwa kwa drili chini ya hadubini, maji yakimwagika mfululizo. Maji hayo yana kazi mbili: kuondoa unga wa mfupa ili daktari aone, na kupoza. Drili kavu huchoma, na joto linaweza kuidhuru neva ya uso bila ncha kuigusa. Anaanza na kichwa kikubwa chenye meno. Juu anatafuta paa, nyuma anatafuta ukuta wa mshipa, mbele ukuta wa mfereji wa sikio, na katikati ya alama hizo anashuka hadi kwenye uwazi wa ndani. Mfupa wa mastoidi una vishimo vya hewa kama sega la nyuki. Akikutana na mfupa mweupe, usio na vishimo, mgumu kama pembe ya ndovu, ajua ameufikia mfereji wa mizani, na neva ya uso iko chini yake kidogo tu. Hapo hubadilisha kichwa cha drili, akashika chenye chembe za almasi, kinachosugua badala ya kung'ata. Neva hiyo husafiri kama sentimita 3 ndani ya mfupa. Madaktari hujifunza safari hiyo kwa kuchonga mifupa ya waliofariki, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuruhusiwa kumgusa aliye hai.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi si jeraha; ni mabaki. Kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya mtama kikisalia nyuma ya kikuku, huota upya. Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza huacha ukuta wa mfereji wa sikio. Sikio hubaki na umbo lake, lakini kona nyingine hazionekani vizuri, ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi, na huhitajika upasuaji wa pili wa kuchungulia baada ya miezi 9 hadi 12, au MRI (picha ya sumaku) ya aina maalumu inayoweza kuona mabaki yaliyofikia kama milimita 3. Ya pili huubomoa ukuta huo, na kuacha shimo moja pana linaloonekana lote kutoka nje. Hurudi mara chache, ila litahitaji kusafishwa kliniki maisha yake yote. Kwa familia inayoishi mbali, ambayo nauli ya kurudi mwakani haina uhakika, sisi tunaiona njia ya pili kuwa salama zaidi. Muulize daktari wako amechagua ipi na kwa nini. Ni haki yako kujua.

Lengo la kwanza ni sikio kavu na salama. Usikivu huja baadaye, na pengine usirudi wote. Ladha ya chuma upande mmoja wa ulimi kwa wiki kadhaa, hata miezi, ni kawaida, maana neva ndogo ya ladha hupita katikati ya uwanja wa kazi. Kulegea kabisa kwa uso au kupoteza usikivu wote wa sikio hilo kunaweza kutokea, lakini ni nadra kwa mikono yenye uzoefu, na ni hatari ndogo kuliko kuuacha ugonjwa. Akirudi nyumbani asipenge kamasi kwa nguvu, na akipiga chafya afungue mdomo. Nyuzi hutolewa siku ya 7 hadi ya 10. Habari za malipo, pitia dawati la SHA (bima ya afya ya serikali) la hospitali mapema kabla ya tarehe kupangwa.

SWALI: Ndugu yangu alianguka na bodaboda barabara ya Nakuru kwenda Njoro, hakuwa amevaa helmeti. Sikio la kulia lilitoka damu, sasa linatoa maji meupe. Uso ulikuwa sawa, lakini siku ya tatu upande wa kulia ukalegea, jicho halifungi. Je, atabaki hivyo?
– Dada yake, Nakuru

JIBU: Dada, neno muhimu katika barua yako ni "siku ya tatu". Uso unaolegea papo hapo wakati wa ajali huenda neva yake imekatwa au imebanwa na kipande cha mfupa, na huyo huhitaji kufikiriwa upasuaji. Uso uliokuwa ukicheza kisha ukalegea baadaye humaanisha neva ni nzima lakini imevimba ndani ya ganda lake la mfupa, ambalo penye wembamba kupita kote halifiki hata milimita 1. Wa namna hii wengi hupona, kwa wiki au miezi, kwa kutumia steroidi walizoandikiwa na daktari. Kwa hiyo hakikisheni faili lake linasema wazi kwamba siku ya kwanza uso ulikuwa ukicheza. Anayempokea mgonjwa akisahau kuandika hilo, anayemfuata hana namna ya kulijua.

Jicho lisisubiri. Lisipofunga hukauka, kioo cha mbele kikapata kidonda, na mtu akapofuka kwa jambo ambalo lingezuilika. Matone ya machozi bandia kila saa moja au mbili mchana, marhamu ya macho usiku, na kope ifungwe kwa plasta ya karatasi akilala, mkihakikisha imefunga kweli na plasta haigusi mboni.

Yale maji meupe ni ya kuheshimiwa. Yanaweza kuwa maji yanayouzunguka ubongo, yamepenya kwenye ufa. Alale kichwa kikiwa kimeinuliwa kama digrii 30, asipenge, asijikamue chooni (apewe dawa ya kulainisha choo), asinyanyue mizigo. Msizibe sikio kwa kukaza pamba, msitie matone, na msikubali mtu yeyote alioshe kwa bomba. Kitambaa safi juu ya sikio kinatosha. Kwa wengi maji hukoma ndani ya siku 7 hadi 10. Yakizidi hapo, au yakikoma sikioni lakini akawa anahisi maji ya chumvi yakishuka kooni anapoinama, lazima aonwe upya, kwani kila siku mlango huo ukiwa wazi ubongo uko hatarini kupata homa ya uti wa mgongo.

Kusikia kwake kusipimwe leo na kutolewa hukumu. Damu iliyoganda nyuma ya kiwambo huziba sauti, na huchukua wiki 4 hadi 6 kunyonywa na mwili. Apimwe baada ya hapo. Ikiwa bado sikio ni zito, huenda kijifupa kimoja kimechomoka kwenye kiungo chake, na hicho hurekebishika. Ikiwa ufa umepita kwenye kiungo chenyewe cha kusikia, uziwi wa upande huo kwa kawaida haurudi. Lakini nyufa nyingi hukizunguka, hazikipasui, maana ndio mwamba wenyewe ule. Na akiona kizunguzungu cha sekunde chache kila anapojigeuza kitandani, hizo ni chembe za chokaa zilizong'oka ndani ya sikio. Kuna namna ya kumgeuza kichwa kliniki inayozirudisha mahali pake bila dawa.

SWALI: Baba ana miaka 71 na kisukari. Alisafishwa nta kwa maji, tangu hapo sikio linauma, usiku halali. Ametiwa matone mwezi mzima. Ndani daktari ameona kinyama chekundu.
– Bungoma

JIBU: Mzee huyu aonwe na daktari wa masikio wiki hii. Maumivu ya kina yanayozidi usiku, mtu mzima, kisukari, sikio lililooshwa kwa maji, na kile kinyama chekundu kwenye sakafu ya mfereji: vikikutana hivyo, fikiria kwanza bakteria aitwaye Pseudomonas aliyevuka ngozi akaingia kwenye mfupa wa chini ya fuvu. Matone hayamfikii huko. Asipozuiwa hufuata mfupa hadi kwenye neva ya uso, kisha zile za kumeza na za sauti.

Kipande cha kinyama kile kikatwe kipelekwe maabara, kwa vijidudu na kwa saratani pia, kwa sababu saratani ya mfereji wa sikio hujifanya vivi hivi. Skani ya CT ikiwa safi isiwatulize; mfupa lazima upoteze karibu theluthi ya madini yake kabla picha haijaonyesha. Matibabu ni siprofloksasini ya kumeza, kwa kawaida miligramu 750 mara mbili kwa siku kwa wiki 6 hadi 8, au ya mshipani kwa waliozidiwa, daktari akizingatia hali ya figo. Maumivu hupungua mapema, mgonjwa huacha dawa, na ugonjwa hurudi na nguvu, kwani mfupa ulikuwa bado. Mwongozo mzuri ni kipimo cha damu cha uvimbe, kirudiwe mpaka kishuke.

Mambo mawili ya nyumbani. Dawa hii isimezwe pamoja na maziwa, mala, dawa za kiungulia wala tembe za madini ya chuma, maana hushikana tumboni na haiingii mwilini. Imezwe saa mbili kabla au saa sita baada ya vitu hivyo. Na kama Mzee anatumia glibenklamidi, tembe ya kisukari, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Ipimwe mara nyingi zaidi katika wiki hizo, na akitokwa jasho la baridi au kuchanganyikiwa apewe kitu cha sukari mara moja.

SWALI: Nasomea uafisa wa kliniki. Tulipokea msichana anayetoa usaha sikioni, anaumwa nyuma ya jicho, na anaona vitu viwiliviwili. Sikio na jicho vinahusiana vipi?
– Kakamega

JIBU: Vinakutana kwenye ncha ya petrasi. Daktari Mtaliano Giuseppe Gradenigo alieleza mkusanyiko huo wa dalili tatu mwaka 1904, na bado una jina lake. Neva ya sita, inayogeuza jicho kwenda nje, hupita kwenye kijia chembamba juu kabisa ya ncha hiyo. Fundo la neva ya tano, inayohisi uso na jicho, limelala mbele yake. Usaha ukifika kwenye ncha, neva zote mbili huugua. Karibu theluthi moja ya watu wana vishimo vya hewa hadi huko, na hao ndio walio na njia iliyo wazi zaidi. Mwambie mgonjwa afuate kidole chako bila kugeuza kichwa: jicho la upande wa sikio bovu halitavuka katikati kwenda nje.

Zamani waliougua hivyo wengi walifariki. Siku hizi antibayotiki za mshipani kwa wiki kadhaa, pamoja na kufungua kiwambo au mastoidi ili usaha upate njia, huponya wengi bila kuchonga ncha yenyewe. Huku kwetu kifua kikuu cha sikio kisisahaulike: usaha usiosikia dawa, matundu zaidi ya moja kwenye kiwambo, usikivu ulioshuka haraka. Omba CT kwa ajili ya mfupa na MRI kwa ajili ya usaha na utando wa ubongo. Usomapo MRI uwe mwangalifu: upande mmoja wa ncha ukiwa na uboho wenye mafuta na mwingine una hewa, mafuta hung'aa na kuonekana kama ugonjwa. Picha yenye kuzima mafuta humaliza ubishi. Mafuta huzimika, wakati kile kivimbe cha damu nzee na kolesteroli kinachoota mahali hapo huendelea kung'aa.

SWALI: Ni kweli wachunguzi wa mifupa ya kale huutafuta mfupa huu?
– Mwalimu wa historia, Maseno

JIBU: Kweli, na sababu ni ule ugumu wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba sehemu ngumu zaidi ya petrasi, ile inayokizunguka kiungo cha kusikia, huhifadhi chembe za urithi kwa wingi mara nyingi kuliko mifupa mingine. Joto la kwetu huharibu chembe hizo upesi, kwa hiyo hapa Afrika mfupa huo una thamani zaidi. Tatizo ni kwamba kuutoboa ni kuupoteza, na kila fuvu lina miwili tu.

SWALI: Nilifanyiwa upasuaji wa mastoidi, nikaachiwa shimo pana. Upepo wa baridi ukiingia asubuhi shambani, dunia inazunguka. Naweza kuoga kawaida?
– Mchuma chai, Kericho

JIBU: Dada, ukuta uliokuwa ukiukinga mfereji wako wa mizani umeondolewa, kwa hiyo baridi inaufikia moja kwa moja. Ni hisia ya kweli, na kitambaa au kofia inayofunika sikio huimaliza kwa wengi. Oga, lakini kwa pamba yenye mafuta ya mgando, na maji ya baridi yasiingie hata kidogo. Shimo hilo haliwezi kujisafisha kama sikio ulilozaliwa nalo. Nta na maganda huganda humo, kisha hulowa, kisha hunuka. Lisafishwe kwa mashine ya kunyonya, chini ya hadubini, kila miezi 6 hadi 12, na mwambie anayekusafisha kwamba unapata kizunguzungu ili anyonye kwa vipindi vifupi. Ukienda wakati sikio ni kavu, ni kazi ya dakika kumi. Likishaanza kuvuja, ni wiki mbili za matone kabla hata ya kulisafisha vizuri.